Mayai Yaenda Sokoni, Bwaki Yabaki Nyumbani

Siku ya soko hapa Kamanyola, simama asubuhi kando ya njia itokayo Bukavu kwenda Uvira, utazame vinavyopita. Mama amejitwika beseni la maharagi. Kijana amefunga kuku wawili nyuma ya baiskeli. Mtoto mdogo amebeba kikapu cha mayai, anakanyaga polepole kama shemasi kwenye maandamano. Jioni simama tena palepale. Wanarudi na nini? Chumvi, sabuni, mafuta kidogo ya mawese. Na baba wa nyumba? Anakuja nyuma yao gizani, mikono mitupu, akiimba.

Usiku ule watoto watakula bugali ya muhogo na sombe. Kesho vilevile. Kesho kutwa vilevile.

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: sisi wanaume wa bonde la Ruzizi tunakunywa chakula cha watoto wetu. Bonde hili si jangwa. Linatoa mpunga, mahindi, maharagi, karanga. Ndagala hupanda kutoka ziwa Tanganyika, na sambaza hushuka kutoka ziwa Kivu, ambamo samaki hao walitiwa katika miaka ya 1950 kusudi watu wapate kitoweo. Lakini chenye nguvu huuzwa, na chenye kujaza tumbo tu hubaki. Muhogo hushibisha, sibishi. Bali katika gramu 100 za unga wake, kile kinachojenga mwili hakifiki hata gramu 3. Katika maharagi makavu hupita gramu 20. Yai moja peke yake lina kama gramu 6. Hesabu hiyo haihitaji chuo.

Ugonjwa unaotoka hapo tunaujua kwa jina letu: bwaki. Nywele zinakuwa nyekundu na laini, miguu inavimba, mtoto hacheki tena, anakataa hata kula. Mara nyingi humpata yule aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake yuko njiani. Watu wa Ghana waliliona jambo hilo zamani. Jina lao, kwashiorkor, ambalo mganga Cicely Williams aliliandika katika miaka ya 1930, husema juu ya mtoto aliyeondolewa mahali pake na anayemfuata. Waganga wa leo wanasema magonjwa mengine pia, kama kuhara na surua, husukuma mtoto aanguke. Ni kweli. Lakini humsukuma kwa urahisi yule aliyekwisha kudhoofishwa na sahani.

Najua nitakavyojibiwa. “Mwalimu, ni vita.” Je, mimi naishi mwezini? Vita vya 1996 vilitupita, na mwaka 2025 vimepita tena hapahapa, watu wakikimbia na magodoro kichwani. Aliyeibiwa mbuzi wote na aliyefukuzwa shambani hawana deni lolote kwangu, sisemi nao. Nasema na yule aliyevuna. Waganga waliichunguza bwaki huku Kivu hata kabla ya uhuru wa 1960, na miaka ya 1960 watu wa Bukavu walianzisha Komite Anti-Bwaki ili kupigana nayo. Bunduki zimeiongeza sana, lakini hazikuizaa peke yake.

Wengine husema: “Ni karuho, jirani amemtilia sumu.” Basi wanauza mbuzi kumlipa mganga wa majani, na mbuzi yule angemlisha mtoto miezi mingi! Wengine tena, wazee wenye heshima zao, husema mayai si chakula cha mtoto, na kwamba mwanamke hali kuku. Desturi nzuri nitaitetea mbele ya mtu yeyote. Hii inalinda sahani ya nani, kama si ya mwanamume?

Msifikiri nawahukumu nikiwa nimeketi juu. Mtoto wangu wa pili alipovimba miguu, nilifurahi, nilidhani ananenepa. Mama yake ndiye aliyempeleka kwa muuguzi, nami nikafuata kwa aibu tu. Muuguzi akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki, halikurudi. Hakunigombeza. Aliuliza:

“Papa, kwenu kuku wanataga?”

“Wanataga.”

“Mayai yanakwenda wapi?”

Nilikaa kimya. Yalikuwa yakinunua betri za redio yangu, na chupa yangu ya Jumamosi. Mimi niliyesoma seminari, niliyewafundisha wengine amri za Mungu, nilikuwa sijui mwanangu anakula nini.

Mtoto alipona, baada ya majuma mengi. Tangu hapo nyumbani kwetu kuna sheria ya mama watoto, nami natii. Kabla kikapu hakijatoka kwenda soko, mayai ya watoto hutolewa kwanza. Gunia la maharagi haliuzwi lote. Sehemu hufungwa, na mwenye ufunguo ni yeye. Asubuhi wadogo hunywa uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama vilivyosagwa pamoja, ambao hauna gharama kuliko bia. Nyama ikipatikana, haianzi kwangu. Mwanzoni jambo hili la mwisho liliniuma, nakiri.

Mwezi uliopita mzee mmoja alinikuta nikimmenyea binti yangu yai la kuchemsha. Akacheka sana. “Mwalimu, umekuwa mwanamke?” Nikamkaribisha kiti. Kisha nikamwuliza wajukuu wake ni wangapi, na yule mdogo mwenye nywele nyekundu anaendeleaje. Aliacha kucheka. Tukamwita mama mkwe wake mtoto, tukamchukua mdogo, tukaenda wote watatu kwa muuguzi kabla ya jua kuwa kali.