Tulivyopima njia ya Lemera



Juma hili hatuandiki juu ya madaftari wala prime ya walimu. Masomo yakiwa yamefungwa, tuliungana na akina mama wengine wa kikundi tukaenda kwa miguu toka Rurambo hadi Lemera. Tulikuwa kumi na mmoja. Walioona vikwembe vyetu vipya njiani waliuliza ni arusi ya nani. Tukajibu kwamba tunakwenda kutembea tu. Hawakuamini, na kweli hatukuwaambia yote.

Mwanafunzi analijua jina la Lemera katika somo la historia. Sisi wenyewe tunalifundisha: Mkataba wa Lemera wa tarehe 23 Oktoba 1996, uliounda AFDL, na safari ya majeshi ya Laurent-Désiré Kabila mpaka Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Lakini mama wa milimani akisikia Lemera hafikirii mkataba. Anafikiri hospitali, na anajiuliza kama atafika.

Mwenzetu mmoja hakufika. Uchungu ulimshika usiku, vijana wakambeba kwa tipoyi, mvua ikawakuta njiani. Yeye alipona, mtoto hakupona. Tangu hapo kila mkutano unakuwa na mabishano: je, tutoe sehemu ya sanduku letu kwa ajili ya wajawazito, au fedha zote zibaki kwa mbegu na jembe? Mtunza sanduku wetu alisema hawezi kuandika hesabu ya njia asiyoijua. Basi tukaenda kuijua.

Tuliondoka jogoo wa kwanza. Kazi ya mtunza sanduku ilikuwa kuandika kila mahali tulipopumzika. Mwanzoni tulimcheka. Kufika katikati ya mchana hakuna aliyecheka; alikuwa amekwisha andika mara tisa, na sisi hatukubeba mtu. Njia inateremka mpaka kijito, unavuka juu ya mawe, kisha unaanza kupanda tena kana kwamba hukupanda kitu. Tulijaribu kupokezana, wanne wanne, kubeba mizigo yetu iliyofungwa juu ya miti miwili kama tipoyi. Hatukumaliza hata kilima kimoja. Yule mama aliyebebwa siku ile alikuwa pamoja nasi. Alitembea nyuma, kimya.

Pahali mlima unapofunguka tulikaa. Chini uliona bonde la Ruzizi, limelala tambarare na mashamba yake, mto ukipinda-pinda kutoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika, na ng'ambo milima ya Burundi. Ualimu hauachi mtu hata likizoni, tukawaeleza wenzetu kwamba ardhi hapa ilipasuka zamani sana, upande mmoja ukazama na mwingine ukainuka. Ndiyo maana ziwa letu lina kina cha mita 1.470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Mama mmoja akasema: “Mwalimu, sasa tumejua nani alituwekea mlima huu. Mwambie autoe.”

Lemera tulifika jua likishuka. Ni mji mdogo, wa baridi, wenye migomba, maharagwe na watoto wanaosalimia kwa Kifuliiru. Mwenyeji wetu alitupokea kwa bukari na sombe, na hakuna aliyeuliza kijiko.

Asubuhi tulikwenda kuitazama hospitali. Ilianzishwa na wamisionari Wapentekoste wa Uswidi, na leo ni ya kanisa la CEPAC. Hapo ndipo alipokuja daktari kijana Denis Mukwege, baada ya kumaliza masomo ya udaktari Burundi mwaka 1983. Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Lakini aliona akina mama wakifikishwa toka milimani wakivuja damu, wengine wakiwa wamekaa na uchungu siku nyingi mpaka kuharibika mwili, na wengine wakifa kwa kujifungua tu. Ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza uganga wa akina mama, akarudi Lemera mwaka 1989. Dunia inamjua kwa Panzi, hospitali aliyoianzisha Bukavu mwaka 1999, na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Wachache wanajua kwamba kilichomgeuza ni mama wa mlimani kama sisi, aliyefika kwa kuchelewa.

Mbele ya majengo hayo tulisimama pia kwa ajili ya tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali iliposhambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani mwao, na wauguzi pia. Watoto wetu wanajifunza tarehe 23 ya mwezi ule. Ile ya 6 hawaulizwi katika mtihani. Mwaka ujao, darasani kwetu, wataisikia.

Jioni tulizungumza na bibi mmoja, mzalisha wa zamani. Tulimwonyesha karatasi yetu: vipumziko kumi na vinne. Aliangalia, akacheka kidogo. “Wanangu, mnahesabu tipoyi. Hesabuni majuma.” Akatueleza kwamba anayetoka mbali ashuke mimba ikiingia mwezi wa tisa, akae kwa ndugu karibu na hospitali, angoje huko. Anayetokwa damu, anayeumwa sana kichwa huku macho yakifanya ukungu, anayevimba uso, anayeona mtoto hachezi tena, huyo asingoje mwezi wowote. Aende kituo cha afya kilicho karibu siku ileile. Tipoyi ibaki kwa ajili ya jambo lisilotazamiwa.

Hapo mabishano yakaanza upya, usiku, sisi tumejifunika. Mama akiondoka majuma matatu, nani atapika, nani atapalilia, bwana atakubali? Kusema kweli, tunadhani hilo ndilo lililo gumu kuliko mlima. Yule mwenzetu, aliyekuwa kimya njia nzima, akasema yeye atapalilia shamba la atakayeondoka wa kwanza.

Mtunza sanduku ameandika: chakula cha majuma matatu kwa mama mmoja, sabuni, kikwembe cha mtoto, na zamu ya kupalilia. Mbegu zinabaki, ila kidogo kuliko mwaka jana. Hesabu itasomwa mkutanoni siku ya alhamisi. Wawili kati yetu wana mimba ya miezi saba, nao wameombwa waje na waume zao.