Acheni kuniuliza "nani aligundua?"

Wiki iliyopita nilimpelekea mhariri makala ya ukurasa wa sayansi. Maneno mia tisa. Nimeyahangaikia siku nne, nimesoma mpaka macho mekundu. Akaisoma pale pale mbele yangu, akavua miwani, akauliza: "Sasa dogo, nani aligundua hiki kidude?" Nikamwambia bosi, hakuna mtu mmoja. Akacheka. "Kila kitu kina mtu wake. Nitafutie jina. Na picha."

Ikatoka Jumapili, maneno mia tatu. Kichwa cha habari kikasema bingwa wa Kifaransa kagundua kifaa cha kuongoza meli bila setilaiti. Chini yake jina langu, limeiva kabisa. Haya, hapa kibarazani kwangu hakuna wa kunikata, kwa hiyo leo mtavumilia.

Kidude chenyewe kinaitwa jairoskopu ya faiba. Usikimbie. Chukua uzi wa kioo, ndugu yake huu wa mkongo unaokuletea intaneti, urefu kilomita moja, uuviringe kwenye kigurudumu chenye upana wa sentimita kumi. Ingiza mwanga, ugawe mara mbili: nusu ipite kulia, nusu kushoto. Zote zinapita kwenye uzi ule ule na kutokea kwenye mlango ule ule. Kigurudumu kikitulia, zinafika pamoja. Kikizunguka, nusu moja inaufukuza mlango unaokimbia, nyingine inakuta mlango unaijia. Moja inachelewa kidogo. Pima huo uchelewaji na umejua kifaa kinazunguka kwa kasi gani. Ndani hakuna gurudumu la kusagika, na nje hakuna setilaiti ambayo mtu anaweza kuizima au kuidanganya.

Rahisi, eti? Sasa sikia. Dunia inajizungusha digrii 15 kwa saa. Ukitaka kifaa kikuonyeshe kaskazini ya kweli (siyo ile ya sumaku) lazima kiuhisi mzunguko huo. Kwa uzi niliokuelezea, tofauti ya njia kati ya nusu mbili za mwanga ni mita 0.000000000024. Upana wa atomu moja ya haidrojeni ni kama mara nne ya hapo. Kwa hiyo una kilomita nzima ya kioo, na unatafuta kitu kidogo kuliko robo ya atomu. Na hapo umehisi tu kwamba dunia inazunguka! Ukitaka dira isikosee zaidi ya sehemu ya kumi ya digrii, unatakiwa kuona sehemu moja kati ya mia tano za hiyo robo. Kwa faida yetu watu wa ikweta, huku ndiko dira ya namna hii hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu ukikaribia ncha za dunia ule mzunguko unaoihitaji unapungua. Mhariri alikata hilo pia.

Haya niambie, hicho kitu kiligunduliwa siku gani, na nani?

Ukipenda kuanza na Georges Sagnac, anza naye. Mwaka 1913, Ufaransa, alizungusha meza yenye vioo na akaona mwanga unachelewa kama nilivyoeleza. Akatangaza kuwa amethibitisha kuwapo kwa etha, ule "mvuke" ambao wanafizikia walidhani umejaa angani kote. Jaribio lilikuwa sahihi, maelezo yake hapana. Je, tumpe kombe? Au tumpe Charles Kao, ambaye mwaka 1966 alionyesha kuwa kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba simu? Au wale watatu wa Corning, Maurer, Keck na Schultz, waliofanikiwa kuuvuta uzi wa namna hiyo mwaka 1970? Hao walikuwa wanafikiria simu, meli haikuwamo kichwani mwao. Mwaka 1976 Vali na Shorthill wa Chuo Kikuu cha Utah wakauviringa uzi huo na kuonyesha kuwa wazo la Sagnac linafanya kazi ndani yake.

Hapo ndipo sisi waandishi tungefika na kamera, tukapiga picha, tukaondoka. Wakati kifaa cha Utah kilikuwa hakiwezi kuongoza hata mtumbwi.

Ndipo anaingia Mfaransa wa makala yangu, Hervé Lefèvre. Sina ugomvi naye, namheshimu sana, na ndiyo maana kile kichwa cha habari kiliniuma. Alianza na kitu hiki mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa mwanafunzi wa udaktari, kwenye maabara ya Thomson-CSF. Akaenda Stanford, na huko mwaka 1981 yeye, Ralph Bergh na Herbert Shaw wakachapisha jairoskopu ambayo mwanga hautoki kabisa nje ya uzi, vioo vyote vya mezani vimeondolewa. Ana na kidude kingine kidogo: visahani vitatu vilivyozungushiwa faiba. Ukivipinda huku na kule unarekebisha jinsi mwanga unavyotikisika ndani yake. Ukiingia leo maabara ya faiba una nafasi nzuri ya kuvikuta vimekaa mezani, na hakuna gazeti lililowahi kuviandika. Halafu akarudi Ufaransa, kwa mwajiri wake wa zamani, na mwaka 1987 akahamia kampuni ndogo ya Photonetics.

Kazi yenyewe ilikuwa nini miaka yote hiyo? Kufukuza makosa. Hilo tu. Mjerumani Reinhard Ulrich alionyesha mwaka 1980 kuwa lazima nusu zote mbili za mwanga zipite kwenye njia inayofanana kila kitu, zichujwe mlangoni kwa namna moja, la sivyo kifaa kinateleza. Mwaka huo huo Shupe akaonyesha kuwa joto likipanda upande mmoja wa koili, kifaa kinadhani kimezungushwa. Dawa yake ni ya kifundi kabisa: uzi unaanza kuviringwa kutoka katikati yake, pande mbili zikipokezana, ili sehemu zilizo mbali sawa na katikati zilale jirani na zipate joto moja. Ikaonekana pia kuwa leza safi, ambayo wewe na mimi tungeikimbilia, ndiyo mbaya, kwa sababu mwanga wake ukirudishwa na kioo njiani unakwenda kujichanganya na ule unaopimwa. Kinachofaa ni mwanga "mchafu," wenye rangi nyingi. Chanzo kizuri cha mwanga huo kilitoka tena kwa watu wa simu. Lefèvre na wenzake wakatafuta namna ya kipande cha fuwele kuufuta ule uchelewaji papo hapo kwa hesabu za kidijitali, ili kifaa kisome sawasawa meli ikiyumba kidogo au sana.

Mwaka 1993 akaandika kitabu kizima kuhusu jairoskopu hii. Kimerudiwa mara mbili tangu hapo. Mwaka 2000 kazi ile ikatoka Photonetics ikawa kampuni ya iXsea, baadaye iXblue, na tangu 2022 inaitwa Exail. Mwaka 2011 setilaiti ya Ufaransa ya kupiga picha, Pléiades, ikapaa na jairoskopu za ukoo huo ndani yake. Hesabu mwenyewe kutoka Utah. Miaka 35.

Najua mtakachosema, maana mhariri alishasema: msomaji hawezi kupenda kosa la joto, anapenda mtu. Kweli. Lakini huyo mtu mbona tunamkata miguu? Tunamwonyesha siku ya kombe, tunaficha nani alimlipa mshahara miaka ishirini akifukuza robo ya atomu. Na jibu la hapo siyo tamu. Sehemu kubwa ya hela ilitoka jeshini. Thomson-CSF ilikuwa kampuni ya elektroniki za kijeshi, na jairoskopu hizi zimo kwenye manowari na makombora kama zilivyo kwenye meli za kupima sakafu ya bahari. Majeshi yana subira kwa sababu yana hofu. Sisi ambao hatutaki subira ya namna hiyo, ya kwetu nani atailipia? Hilo swali lingenipa ukurasa mzima, kama ningeachiwa.

Sasa niungame. Mwaka juzi nilitumwa mkoani kuandika habari ya kijana mmoja, fundi simu, aliyetengeneza kihisi cha kupima kina cha maji kwenye tangi. Kinarusha sauti juu ya maji, kinasikiliza mwangwi. Kakijenga kwa vipande alivyonunua mtandaoni na betri za simu mbovu. Niliandika kama tunavyoandika siku zote. Kijana aibuka na ugunduzi. Kiongozi wa wilaya kasimama naye pichani, kaahidi kumsaidia, tumepiga makofi, nimelipwa posho ya safari nikarudi Dar.

Miezi minane baadaye akanipigia. Siyo kulalamika juu ya ahadi, hilo hata hakuligusa. "Kaka, asubuhi kinasoma vizuri. Mchana jua likichoma bati, kinasema uongo. Unamjua mtu anayejua mambo ya joto?"

Nikampelekea mhariri kama habari. Jibu: huyo tulishamwandika.

Sikumjua mtu wa joto, na nilikuwa na haraka ya habari nyingine. Nikamwambia nitamtafutia, nikasahau. Nimemkumbuka wiki iliyopita, saa nane usiku, nikisoma habari za Shupe. Yaani kosa ni lile lile! Kesho yake nikamuuliza mhadhiri mmoja wa fizikia tuliyesoma naye. Alitumia dakika mbili: hewa ikipata joto sauti inakimbia zaidi, kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila digrii moja. Aweke kipimajoto cha bei poa pembeni ya kihisi, kifaa kisahihishe chenyewe. Dakika mbili. Na kidude kimekaa kabatini mwaka na zaidi.

Nikamtumia kijana ujumbe mrefu wenye hesabu yote, na samahani mwanzoni na mwishoni. Jioni akajibu.

"Asante sana kaka. Kesho nalitoa kabatini. Ila ndani ya tangi mna mvuke pia. Na unyevu je?"