ARDHI YA WOTE NDANI YA ROBOTA

Sisi wenye maduka hatukusomea sheria, lakini mizani twaijua. Chuoni tulifundishwa tangu utotoni kwamba kupunja kipimo ni dhambi, na kwa mizani hiyo twataka kuwapimia khabari ya Oak Flat, katika jimbo la Arizona, Marekani.

Oak Flat ni uwanda wa mialoni ndani ya msitu wa Serikali Kuu uitwao Tonto, karibu na mji mdogo wa Superior. Waapache, waliokuwapo katika nchi ile kabla Serikali yenyewe haijazaliwa, huko ndiko waombako, na huko ndiko wawafanyiapo mabinti zao sherehe za kubaleghe. Mwaka 1955 Serikali ya Rais Eisenhower ilipiga marufuku uchimbaji wa madini mahali hapo.

Lakini chini yake, zaidi ya futi 5,000, pana shaba nyingi. Kampuni mbili kubwa, Rio Tinto na BHP, ziliungana katika Resolution Copper ili kuichimba. Tangu 2005 miswada ya kuwapa ardhi hiyo ilipelekwa Kongresi mara kwa mara, na kila ulipokwenda mmoja peke yake ulikwama. Basi Desemba 2014 ukatiwa ndani ya sheria ya matumizi ya majeshi, ambayo hapana mjumbe apendaye kuonekana akiikataa, na Rais Obama akaitia sahihi. Mfanyabiashara ajua hila hii: anunuaye robota zima huchukua na kitambaa kibovu kilichofungwa katikati.

Sheria iliamuru Serikali itoe eka 2,422 na kupokea kutoka kwa kampuni zaidi ya eka 5,300 zilizotawanyika mahali mbalimbali. Kwa hesabu ya eka, Serikali imefaidi. Lakini ni nani abadilishaye msikiti kwa mashamba mawili, kisha akasema amepata faida?

Lililotushangaza zaidi ni hili. Sheria yataka ufanywe uchunguzi wa madhara, na kwamba katika siku 60 baada ya ripoti kutolewa, ardhi ikabidhiwe. Haisemi ikabidhiwe ripoti ikiwa njema. Yasema ikabidhiwe tu. Basi uchunguzi ni wa nini? Huku ni kufunga bei kwanza, kisha kuleta mizani. Na uchunguzi wenyewe waonyesha kwamba ardhi itachimbwa kwa chini hata ya juu ididimie, libaki shimo la upana wa karibu maili 2, na kina baina ya futi 800 na 1,100 hivi. Fauka ya hayo, mgodi wahitaji njia za kupitisha mabomba na nyaya za umeme nje ya eneo hilo.

Waapache walikwenda mahakamani. Machi 2024 majaji wa rufaa waligawanyika, 6 kwa 5, na Waapache wakashindwa. Mei 2025 Mahakama Kuu kabisa ilikataa kulisikiliza shauri lao. Jaji Gorsuch, akiungwa mkono na Jaji Thomas, aliandika kwamba kukataa huko ni kosa kubwa. Kesi nyingine zikafuata.

Yamkini mtu atasema: bila shaba hapana waya wa umeme, na vijana wa Superior wataka kazi. Hatukatai. Shaba ni neema, na kazi ni heshima. Walakini haja ya mali haihalalishi njia ya kuipatia. Kama hoja ya mgodi ni nzito, kwa nini ilifichwa katika bajeti ya majeshi? Mwenye haki hupita mlango wa mbele.

Ardhi ya umma ni amana. Serikali ni mwekaji, siye mwenyewe. Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, ardhi ya wote isitolewe ila kwa mswada wake peke yake, usomwe na kujadiliwa mchana. Pili, uchunguzi utangulie uamuzi, na uwe na nguvu ya kuuzuia. Tatu, waombao mahali hapo waulizwe, na jibu lao lipimwe kama shaba ipimwavyo.

Mali bila daftari huisha bila khabari. Amana nayo ni vivyo hivyo, na shimo la maili 2 halifukiwi kwa kuomba radhi.