Tandiko Jekundu la Punda wa Kenyenya



Wiki hii nilikusudia kuendelea na mlango wa deni. Deni litangoja. Safari ya Kenyenya imenipa jambo jingine, nami napenda kulieleza lingali bichi moyoni, kwani mimi niliyesomesha mlango wa mauziano madrasani kwa miaka mingi nilidanganywa na kitambaa chekundu.

Mpwa wangu ameolewa huko Kenyenya, katika kaunti ya Kisii. Ni nchi ya vilima na kijani kibichi, migomba na chai hadi ukingoni mwa njia. Lakini vilima hivyo ndivyo vinavyowavunja wanawake migongo. Maji yako bondeni, nyumba ziko juu, na mikungu ya ndizi sharti ipandishwe mpaka barabarani ndipo mnunuzi aione. Mumewe hufanya kazi mbali, na yeye huuza ndizi. Zamu yake katika chama cha akina mama ilipofika alipokea shilingi 20,000, akaniambia, "Mjomba, nataka punda. Nisindikize. Wakiona ndevu zako hawatanipandishia bei."

Tukawakuta punda wawili pembeni mwa soko. Wa kwanza alikuwa na tandiko jipya la kitambaa chekundu kilichoshonwa kwa uzi mweupe, hatamu yenye vishada, na kengele ndogo shingoni iliyolia kila alipotikisa kichwa. Wa pili alifungwa kamba ya katani, mgongo wazi, manyoya yamejaa vumbi na miba. Watu wote walimzunguka wa kwanza. Nasi tukaenda huko huko.

Hatukumkagua kama ipasavyo. Mpwa wangu alimpapasa shingo, mimi nikamtazama meno, nikajiona mjuzi. Bei ikakatwa kwa shilingi 18,000, na dalali akapewa 500 zake. Muuzaji akahesabu fedha, akazitia mfukoni, kisha akainama na kuanza kufungua ukanda wa tumbo. "Mwalimu, hii nguo ni yangu," akasema. "Mimi nimewauzia punda."

Katika hilo alisema kweli. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata sisi watu wa pwani, mnyama akiuzwa huingia katika uuzaji viatu vya chuma vilivyopigiliwa kwatoni, kwa kuwa vimeshikamana naye. Ama seruji na lijamu haviingii ila iwe mmesharutiana, kama zisivyoingia samani za nyumba katika uuzaji wa nyumba. Basi yule bwana alichukua mali yake. Na chini ya mali yake, pale shingo inapokutana na mgongo, palikuwa na kidonda kipana kama kiganja cha mtoto, kimelowa, nzi wakakitua papo hapo.

Mpwa wangu hakusema neno. Alikitazama tu, na mimi sikuweza kumtazama yeye.

Nimejiuliza tangu siku ile, ni kitu gani hasa tulichokiamini? Hakuna aliyetuambia kwamba punda ni mzima. Tandiko ndilo lililosema. Tuliona kitambaa kizuri, tukahukumu kwamba mwenye kumvika mnyama vizuri humlisha vizuri pia, humpumzisha na kumtibu. Kumbe kitambaa kinatoa ushahidi juu ya mfuko wa mwenye mnyama, na pengine juu ya hila yake, wala hakishuhudii chochote juu ya mgongo. Ndivyo ilivyo hata kwa farasi katika nchi wanakouzwa kwa fedha nyingi. Seruji ya ngozi iliyong'arishwa humfanya farasi wa kawaida aonekane wa kifahari. Kitambaa kinene chini ya seruji huficha mgongo uliobonyea. Lijamu kali pamoja na mikanda ya kumvutia kichwa chini humfanya farasi mkaidi aonekane mtulivu, na mnunuzi husema, "Tazama adabu yake," ilhali chuma ndicho chenye adabu. Mjuzi hulisoma lijamu kinyume: akikuta ni kali, huuliza kwa nini limehitajika.

Na upande wa pili upo pia. Yule punda wa kamba ya katani hakuna aliyemkaribia. Wengine walinong'ona kwamba huenda ni wa wizi. Siwalaumu sana, maana katika miaka ile ya machinjio ya punda hapa Kenya, tangu 2016 hadi serikali ilipotangaza kuyafunga mwaka 2020, watu wengi waliibiwa punda wao usiku, na hofu hiyo haijatoka vichwani. Lakini wizi huulizwa kwa barua ya chifu na kwa majirani wanaomjua muuzaji. Kukosa tandiko si hati ya wizi.

Dada mmoja atauliza, je, ni haramu basi kumpamba mnyama wa kuuza? La, si haramu. Kumwosha, kumchana manyoya, kumvisha hatamu nzuri, hayo ni mapambo ya dhahiri, na mnunuzi anayaona kuwa ni mapambo. Haramu ni kuifunika aibu unayoijua. Mtume Muhammad (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Imam Muslim, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka akatoa udhuru kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke ule unyevu juu watu wauone, kisha akamtoa mwenye kughushi katika safu yake. Zingatieni kwamba mtu yule hakutamka uongo wowote. Nafaka kavu ya juu ilikuwa ndilo tandiko lake.

Na kwa wale mnaonunua ng'ombe wa maziwa, yako mafundisho yaliyo karibu zaidi. Mtume alikataza kumwacha mnyama bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ni mwingi wa maziwa. Aliyeuziwa kwa hila hiyo ana khiyari: akiridhika atabaki naye, na asiporidhika atamrudisha pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kuyakama. Kiwele kilichojaa ni pambo la mwilini, tena lina hila kuliko kitambaa, maana kitambaa kinavulika.

Turudi sokoni. Nilimwambia muuzaji kwamba hii ni aibu ya zamani na tunamrudisha. Akasema, "Hamkuuliza." Nikamjibu kwamba wajibu wa kusema ni wa anayejua, na aliyejua pale alikuwa mmoja tu. Sauti zilipopanda akaja mama mmoja mzee anayeuza maharagwe karibu na hapo, akasema kwa utulivu, "Huyu punda nilimwona Jumatano mtoni bila nguo. Kidonda kilikuwepo." Akarudi kwenye maharagwe yake.

Nikamkumbuka sahaba Wathila bin Al-Asqaa, ambaye kisa chake amekitaja Imam Ghazali katika Ihya. Alisimama mahali ambapo mtu aliuza ngamia wake kwa dirhamu 300. Mnunuzi alipokwenda zake, Wathila akamfuata mbio akamuuliza, umemnunua kwa nyama au kwa kupanda? Akasema, kwa kupanda. Wathila akamjulisha kwamba ngamia yule ana tundu kwenye unyayo, hataweza safari ndefu. Mnunuzi akarudi, na bei ikapunguzwa kwa dirhamu 100. Muuzaji akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Naye hakuwa muuzaji wala mnunuzi, alikuwa mpita njia. Mama wa maharagwe huenda hajapata kulisikia jina lake, na alifanya kama yeye.

Muuzaji alitaka kuturejeshea 3,000 tubaki na punda. Mpwa wangu akakataa. "Mjomba, huyu akibeba ndizi zangu hata wiki moja, nitakuwa namla mgongo." Fedha zikarudi zote 18,000. Zile 500 za dalali hazijarudi hadi leo.

Hapa pana jambo la kisheria lililowapotezea wengi haki zao. Ukigundua aibu, rudisha bila kuchelewa, wala usimtumie mnyama. Ukimtwika mzigo nawe umekwisha kujua, huhesabiwa umeridhika. Msiseme, "Nitamjaribu siku mbili tatu kwanza."

Bali majaribio yawe kabla ya fedha kutoka mkononi. Mwambieni muuzaji amvue mnyama kila kitu isipokuwa kamba ya kumshikia. Pitisheni vidole mgongoni tangu mabegani hadi kiunoni, mkibonyeza kidogo: akijikunja au akishusha mgongo, pana maumivu. Manyoya meupe yaliyoota kwa mabaka mahali pa tandiko ni makovu ya vidonda vilivyopona, na palipochubuka jana hapakawii kuchubuka tena. Tazameni pembe za mdomo na chini ya tumbo kamba inapopita. Kisha aende mbali na arudi, mtu asimvute, mmtazame kwato. Ndugu zetu wa Lamu, ambako punda ndio magari ya mji, wanayajua haya kuliko mimi, na tangu mwaka 1987 wana kituo cha kuwatibu punda. Vidonda vya tandiko na kamba si vigeni huko.

Baada ya majuma mawili mpwa wangu alinipigia simu. Alikuwa amemnunua yule wa kamba ya katani kwa shilingi 13,000, baada ya kuiona barua ya chifu na kumbonyeza mgongo mwenyewe, mara tatu, muuzaji akicheka. Amemshonea tandiko kwa magunia mawili, akalijaza majani makavu ya mgomba pande zote mbili na kuacha mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Juu yake ameweka kitambaa chekundu. Akaniuliza kama kuna ubaya. Nikamwambia hakuna.

"Na siku nikimuuza, Mjomba," akasema, "tandiko haliendi naye. Nimelishona kwa mkono wangu."