Tozo ikibadilika, programu ya simu inajuaje?

Tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa nchini tarehe 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi cha pesa. Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi shilingi 4,000, na mwaka 2023 tozo ya kutuma pesa kwa simu ikafutwa.

Kwa mkulima wa Ifakara, Mlimba au Mang'ula hili si jambo la mbali. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na viwango vingi vipya huanza siku hiyo, wakati pesa za mpunga zinapita kwenye simu.

Je, programu inajuaje kiwango kipya? Programu ni maelekezo. Mwandishi akiandika "kata shilingi 4,000" katikati ya maelekezo hayo, kila badiliko litamlazimu kuifumua programu akisaka namba ya zamani. Akisahau sehemu moja, wateja wataendelea kukatwa tozo iliyofutwa. Njia salama ni kuviweka viwango pembeni, kwenye mipangilio ambayo programu huisoma. Hata mashineni, bei ya kukoboa gunia hubandikwa ukutani, haichongwi kwenye chuma.

Lakini mipangilio nayo inaweza kukosewa. Je, kiwango kikisahaulika kujazwa? Kwa mambo mepesi, programu hupewa jibu la kuanzia: usipochagua lugha, inakuletea Kiswahili. Hakuna anayeumia. Kwa pesa, jibu la kuanzia ni hatari. Likiwa sifuri, Serikali inakosa mapato. Likiwa kiwango cha mwaka jana, mteja anaibiwa bila mwizi. Hapo programu nzuri haikisii. Inagoma kuwaka na kumwambia fundi ni kiwango gani kimekosekana.

Kilichojazwa nacho lazima kihakikiwe kabla ya muamala wa kwanza. Je, ni namba, au kuna herufi imeingia? Je, imezidi kiwango cha juu kilichotangazwa? Je, kuna kiasi cha pesa kilichorukwa kati ya daraja moja na jingine? Sifuri moja ya ziada hugeuza 400 kuwa 4,000, na kosa hilo halimpati mtu mmojammoja kama la wakala dirishani. Linawapata maelfu kwa dakika ileile.

Kwa hiyo, msikilizaji, viwango vikibadilika soma makato kwenye ujumbe wako na uyalinganishe na viwango vilivyotangazwa. Yasipolingana, usiufute ujumbe: una namba ya kumbukumbu ya muamala. Ipigie kampuni yako na uitaje namba hiyo. Usipopata jibu, Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inayosimamia huduma za malipo. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anakurudishia makato.