Kuahirisha Kutua Si Kunusurika Kifo

Wapo waandishi wanaotetea chumvi: anga la Kongo limeua wengi, kwa hiyo habari ya ndege bora izidishwe kuliko kunyamaziwa. Hofu, wanasema, itawaamsha wakubwa.

Haimwamshi mtu. Rubani akikuta ukungu uwanjani, huongeza nguvu ya injini, hukunja magurudumu na kuzunguka upya. Ndivyo alivyofundishwa. Kuandika kwamba abiria "wamenusurika kifo" ni uongo.

Dai bovu kuliko yote ni kwamba chumvi haidhuru. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ya shirika la Filair aina ya L-410 ilianguka Bandundu, Kongo. Walikufa watu 20, akapona mmoja. Dunia inakumbuka nini? Mamba! Ati alichomoka kwenye begi, abiria wakakimbilia mbele. Simulizi hiyo ilizunguka magazeti ya dunia, na maswali ya mafuta, mizigo na ukaguzi yakafunikwa.

Katika maeneo ya Kongo kama Kasongo na Kabambare, mvua ikishaharibu barabara, ndege ndogo si anasa. Msomaji wa huko aelezwe ni ndege gani, hitilafu ipi, rubani alifanya nini, nani anachunguza. Yasiyojulikana yaandikwe kuwa hayajajulikana.