Tuta la Muan na ugonjwa wa "tulifuata kanuni"

Wadau, katika kazi hii ya kuandika habari hakuna jibu linalonikera kama hili: "Tulifuata kanuni." Mkubwa akishalitamka, basi, tufunge madaftari twende zetu.

Tarehe 29 Desemba 2024, ndege aina ya Boeing 737-800 ilitua kwa tumbo katika uwanja wa Muan, Korea Kusini. Ikaserereka mpaka ikamaliza njia ya kutulia, ikagonga tuta la udongo lenye zege ndani yake, ikalipuka. Walikuwamo watu 181. Walipona wawili tu.

Tuta lilikuwa linafanya nini pale? Lilibeba antena za kuongozea ndege zinazotua. Antena ni vitu vyepesi, ndege ikizigonga zinavunjika. Sasa nani aliona busara kuziweka juu ya zege?

Wakubwa wakasema: tuta liko nje ya eneo la usalama. Haya, tupige hesabu. ICAO inataka ukanda wa mita 60 baada ya mwisho wa njia, kisha eneo la usalama lisilopungua mita 90. Jumla 150. Lakini kwa viwanja vikubwa inashauri eneo hilo lifike mita 240. Jumla 300. Tuta lilikuwa takriban mita 260. Kwa kipimo cha chini, liko nje. Kwa kipimo kinachoshauriwa, liko ndani! Ndege inayoserereka haiulizi mlitumia kipimo kipi.

Na tusijidanganye kuwa hayo ni ya Wakorea. Pale Goma, lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilifunika sehemu ya njia ya kurukia. Aprili 2008 ndege ikashindwa kupaa, ikapitiliza hadi Birere, kwenye maduka na nyumba za watu. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria. Walikuwa kwenye shughuli zao.

Januari 2025 serikali ya Korea Kusini ikatangaza kuyaondoa matuta ya aina ile katika viwanja kadhaa. Kumbe inawezekana! Ila mpaka watu wazikwe kwanza.

Ardhi iliyo mbele ya njia ya ndege ni sehemu ya njia hiyo. Waandishi wenzangu, siku tukiambiwa "tulifuata kanuni," tusifunge daftari. Tuulize: kipimo cha chini au kinachoshauriwa? Na kule mwisho kuna nini?

Nawasilisha.